Ndege ya kwanza: tusikimbilie bei

Habari za jioni ndugu zangu. Wengi mmeniuliza kuhusu kununua ile Cessna 152, ndege ndogo ya bei nafuu. Ni ndege nzuri ya kujifunzia, ila ina viti 2 na injini ya nguvu za farasi 110, nasi tunaruka kutoka nchi ya juu: Entebbe iko karibu futi 3,800 kutoka usawa wa bahari. Saa nane mchana, jua likiwaka, hewa huwa nyepesi, injini hupungukiwa nguvu na ndege hukimbia mbali kabla ya kunyanyuka. Jazeni matangi, pandeni watu wazima wawili, mtaona kikomo cha uzito kilivyo karibu. Moyo wangu uko kwa Cessna 172, yenye viti 4, na mafundi wengi wanaijua.

Msilipe hata shilingi kabla ya kusoma kumbukumbu za injini ukurasa kwa ukurasa. Mwaka jana nilipapasa chini ya bawa la ndege niliyoipenda sana, nikakuta rangi imefura kama malengelenge. Ndani yake, unga mweupe wa kutu. Niliiacha, na iliniuma.

Jumamosi tukutane kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Kajjansi saa tatu asubuhi. Anayekuja aandike jina hapa.