Neema, naomba flashi kwa basi la Alhamisi

Kamwene dada,

Najua umenuna na una haki, tangu msiba wa Mama Tusa sijakuandikia na simu zako mbili niliziona nikaziacha ziite. Sio dharau, nilikuwa nachati na wale watu wa kampuni ya laptopu na ukichelewa kujibu wanafunga unaanza upya. Huku baridi tu, watoto wazima, Baba Queen bado anasema anaoa. Hayo tuyaache.

Ile hard disk, diski ya ndani inayotunza kila kitu, imekufa. Ya ile laptopu pacha na yako, tulizochukua siku moja kwa yule mzee wa Kabwe. Nikanunua mpya Mwanjelwa, kumbe ile sehemu iliyojificha ya kurudishia Windows ilikuwa humo humo kwenye iliyokufa, ikazikwa nayo. Fundi akataka kunipigia Windows yake ya kukraki nikakataa, si unakumbuka mara ile flashi za wanafunzi zilivyogeuka shotikati tupu, wiki nzima hakuna aliyeleta riseachi kuchapa.

Basi shemeji aliyeko Uingereza akaniagizia diski za kurudishia kwa kampuni yenyewe, kwa hela yake, tatu kwenye bahasha nzuri mpaka nikaipiga picha. Ya kwanza ikaingia safi. Ya pili ikafika asilimia 47 ikaanza kukoroma kama mashine ya kusaga, eti faili halisomeki. Nikaifuta kwa kitambaa cha miwani, 47. Nikaamka saa tisa usiku nikidhani labda umeme mdogo, 47!

Kastamakea wa kwanza kaniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha. Wa pili kasema mbovu ni pale pa kuingizia sidii. Nikarudi kwa fundi yule yule niliyemringia (aibu yangu), akaichomeka kwenye mashine nyingine akajaribu kukopi tu mafaili, ikagoma faili lile lile. Sasa laptopu yangu inaingiaje hapo? Nikawatumia picha wakakubali kutuma seti nyingine, wiki tano nachungulia posta, nafungua: ya kwanza, ya tatu, ya tatu. Neema nilicheka peke yangu mpaka binti akatoka jikoni kuniangalia. Kulalamika tena, naambiwa Tanzania sio eneo lao, niwasiliane na nilikonunua. Nilikonunua ni Kabwe jamani.

Sasa shida yangu kwako. Yako si nzima? Kwenye kule kutafuta kwa Windows andika recovery drive, ndiyo inayotengeneza flashi ya kurudishia, ikikuuliza habari za system files weka tiki, chomeka flashi ya GB 32, ya 16 yaweza isitoshe. Inachukua muda, iache kwenye chaji uendelee na kupika. ILA inafuta kila kitu kwenye flashi, toa kwanza picha za kipaimara usije ukanilaani. Namba ya Windows usihangaike nayo, ya kwangu imo kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ikishaingia na kupata intaneti inajitambua yenyewe. Drajva, zile programu za kuendesha vifaa vya laptopu, ndo zinanitesa, ndo maana nataka ya kutoka kwako sio ya kudaunilodi.

Kinachoniuma sio hata hela, ni hiyo diski ya pili. Mtu ameichoma, ameibandika lebo, ameitia bahasha, hakuna hata mmoja aliyeijaribu?

Haya niambie, flashi ya 32 unayo au nikutumie hela? Yako kweli bado ina Windows ile ile au yule mdogo wako aliibadilisha? Kondakta yule wa Ipogolo bado anabeba mizigo, na siku hizi anachukua ngapi? Sekela alikufikishia viazi? Ukiituma nitumie namba ya gari, nitaipokelea Uyole, nina riseachi kumi na moja hapa na wenyewe wanataka Jumatatu.

Atu