Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vifungo, Mitumba na Charahani

Ndugu wanachama wa Unguja na Pemba, Assalaamu alaykum.

Hesabu za fedha atazisoma mshika fedha baada yangu. Orodha ya waliolipa ada na wasiolipa imebandikwa mlangoni, wahusika watajisomea. Mimi nitakaa zaidi kwenye makopo ya vifungo, maana mwaka huu chama kimepokea vifungo vingi kuliko kilivyoweza kuvipanga. Kifungo kisichojulikana ni cha kitu gani wala cha ukubwa gani hakimfai mshonaji wala mkusanyaji. Kinakula nafasi tu, na mara nyengine kinawaharibu wenziwe.

Hilo la kuharibu ndilo lililoishughulisha kamati kuliko jengine lolote. Katika baadhi ya makopo ya zamani tuliyopewa, vifungo vya shaba vilikuwa vimeota kutu ya kijani pale vilipolala karibu na vifungo vya selulodi. Selulodi ni katika plastiki za mwanzo kabisa. Ilianza kutengenezwa Marekani karibu na mwaka 1870, kwa pamba iliyopitishwa kwenye asidi na kuchanganywa na kafuri. Ikizeeka, inatoa mvuke wa asidi. Ndani ya kopo lililofungwa mvuke huo hauna pa kwenda: unakula shaba, unaipasua selulodi yenyewe, na kopo zima linaambukizika. Joto na unyevu huharakisha mambo, nasi visiwani tunavyo vyote viwili, hasa masika.

Tiba hakuna, kuna kinga. Kifungo cha selulodi kilichoanza kufanya nyufa ndogo ndogo, kunata au kutoa harufu kali kitolewe siku hiyo hiyo. Vilivyo vizima vikae peke yao kwenye bahasha ya karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki wala kopo, na mbali na moto, kwani selulodi hushika moto upesi mno. Kwa sababu hiyo kamati imepiga marufuku mezani kwetu kipimo cha sindano ya moto, yaani kukichoma kifungo ili kujua ni cha kitu gani. Najua wako wanaokipenda, lakini anayechoma kifungo ili akijue ameshakitia alama, na kikiwa selulodi huenda akajiunguza.

Kipimo chetu ni maji. Chovya kifungo kwenye maji ya moto yasiyochemka, hesabu hadi kumi, kitoe, kinuse papo hapo. Selulodi itanukia kafuri, na harufu ya kafuri hakuna humu asiyeijua. Bakelaiti, plastiki aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907, ina harufu kali ya dawa, kama sabuni ya karboliki. Kaseini, iliyotengenezwa kwa maziwa na kupewa hataza Ujerumani mwaka 1899, inanuka maziwa yaliyoungua. Kinachofuata ni kukausha, na wengi hapo ndipo wanapozembea: kaseini ikikaa majini huvimba na kupinda, na pembe ya ng'ombe vile vile. Vifungo vilivyovikwa kitambaa, vilivyotiwa rangi kwa mkono au vyenye karatasi ndani visichovywe abadan.

Vya ganda la chaza na kome havihitaji maji. Kigusishe mdomoni: cha ganda ni baridi na kizito, cha plastiki kinapata joto la mdomo mara moja. Kisha kigeuze. Nyuma ya cha ganda mara nyingi pana doa la hudhurungi au mawimbi, yaani ngozi ya nje ya ganda iliyoachwa na msumeno, na mng'ao wake unahama ukikizungusha kwenye mwanga. Kazi hii iliwahi kulisha mji mzima, Muscatine katika jimbo la Iowa huko Marekani, ambako Mjerumani John Boepple alianza mwaka 1891 kukata vifungo kutoka kome wa mtoni. Tafadhalini, vifungo hivi visisuguliwe kwa ndimu wala siki. Ndimu hiyo hiyo inayoing'arisha shaba inalila ganda, maana ganda ni chokaa, na mng'ao ukishaondoka haurudi. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni na kitambaa laini vinatosha.

Kwa vya madini tumieni sumaku. Kikivutwa, ndani ni chuma kilichopakwa, kitapata kutu kwenye nguo ya kufua kila wiki. Kisipovutwa huenda ni shaba, na hicho kiwekeni.

Sasa ukubwa. Namba zilizoandikwa kwenye pakiti, 18L, 24L, 32L, ni kipimo cha watengeneza vifungo, na 40L ni inchi moja, milimita 25.4. Zidisha namba kwa 0.635 upate milimita. Shati linatumia 18L, yaani karibu milimita 11.5. Suruali na mikono ya koti ni 24L, milimita 15. Mbele ya koti ni 32L, milimita 20. Vifungo vyote vya mezani vitapimwa kwa rula na kuandikwa kwa milimita. Maneno kama "cha wastani" hayatakubaliwa tena kwenye kadi, maana kila mtu ana wastani wake.

Kuhusu kuhifadhi nitasema machache. Makopo yasikae juu ya sakafu ya saruji, kwani saruji inapitisha unyevu. Mchele ndani ya kopo hauvuti maji kiasi cha kufaa, na unaleta fukusi. Wekeni vipakiti vya silika jeli vinavyokuja na viatu na mabegi, na mvibadilishe kabla ya masika.

Nakuja kwenye mitumba. Lilitolewa pendekezo kwamba chama kinunue robota zima. Kamati imelikataa, nami naiunga mkono. Robota la kilo 45 linauzwa likiwa limefungwa, huoni ndani, na ukilipasua vifungo unavyovitaka huenda vikawa kwenye nguo chache tu huku zilizobaki zikikushinda kuziuza. Kwetu sisi bora meza za masoko ya Saateni na Darajani, hapa Unguja, hasa jioni, nguo zikiwa zimeshachaguliwa na muuzaji anataka kumaliza. Anayenunua ili avae ameshaondoka na nguo nzima. Sisi tunatafuta ile yenye doa au kola iliyochakaa, ambayo vifungo vyake havina habari na doa.

Ijueni hesabu ya nguo kabla ya kuuliza bei. Koti la kiume lina vifungo viwili au vitatu mbele na vitatu au vinne kila mkono, kwa hiyo linakupa seti ya milimita 20 na nyengine ya milimita 15, zote za rangi moja. Shati la mikono mirefu lina saba hivi mbele, vya kafu, na mara nyingi kidogo juu ya kafu kinachofunga mpasuko wa mkono. Tazameni pia chini ndani, kwenye mshono wa ubavuni au mwisho wa ubao wa mbele: hapo hushonwa kifungo cha akiba, na muuzaji hakihesabu. Seti isiyotimia ndiyo inayojaza makopo yetu. Koti likikosa kifungo cha mbele na akiba hakuna, vya mikono bado vinafaa. Shati likikosa viwili, liacheni.

Kuvitoa kuna adabu yake. Msiukate uzi kwa juu, mkasi unakwaruza uso wa kifungo. Pitisheni meno ya kitana chini ya kifungo, kiinuke kidogo, kisha kateni uzi kati ya kitana na nguo. Vikishatoka, vitungeni pamoja kwenye uzi mmoja na kikaratasi: nguo gani, milimita ngapi, vingapi. Zipu nazo zitolewe kwa kufumua, si kwa kukata karibu na meno. Kichwa cha zipu kilicholegea hubanwa kidogo tu kwa koleo upande mmoja na kisha wa pili. Kikibanwa kwa nguvu kinapasuka. Zipu ya shaba iliyokaza kwa chumvi ya pwani ipakeni mshumaa.

Darasa la kushona lilikwenda vizuri, isipokuwa kwenye matundu ya vifungo, na hapo ndipo kazi za wengi zilipoharibika. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni kipimo. Urefu wa tundu ni upana wa kifungo kujumlisha unene wake. Kifungo cha milimita 15 chenye unene wa 3 kinataka tundu la 18. Kwa kifungo cha mviringo kama pipi, zungushia ukanda wa karatasi, bana, pima ukanda huo, gawa kwa mbili. Jaribuni kwanza kwenye kipande cha kitambaa kile kile, kikiwa na tabaka zile zile na gamstifu ile ile, yaani kitambaa kigumu kinachotiwa ndani kuipa nguo nguvu.

Ya pili ni kwamba charahani nyingi tulizonazo, hizi nyeusi za miguu, zinakwenda mshono wa moja kwa moja tu. Hazipigi zigizagi, hivyo tundu lazima limaliziwe kwa mkono. Utaratibu ni huu. Chora mstari kwa chaki. Piga kwa charahani mshono mdogo sana kuuzunguka, mistari miwili ikiachana milimita 3. Weka pini kila mwisho, ili kisu cha kufumulia kisipitilize. Kata katikati kuanzia ncha moja hadi katikati, kisha ncha ya pili hadi katikati. Hapo ndipo shona kingo kwa mkono, mshono wa tundu, uzi ukiwa umepitishwa kwenye nta ya nyuki. Kipande cha uzi kisizidi urefu wa mkono hadi kiwiko, kikizidi kinajisokota. Melimeli na vitambaa vyengine vyepesi bila gamstifu nyuma vitakunjamana hata mkono uwe hodari vipi.

Kisha kifungo chenyewe. Vifungo vya mashati ya skuli vinang'oka kwa sababu vimeshonwa vikabana. Kifungo kinataka shingo yenye urefu sawa na unene wa upande wenye tundu. Laza njiti ya kibiriti juu ya kifungo, shona juu yake mara tatu kila jozi ya matundu, toa njiti, vuta kifungo juu, zungushia uzi shingoni mara nne, kisha malizia nyuma. Kabla ya yote hayo pitisha sindano kwenye matundu ya kifungo uyasikie: vifungo vya bei rahisi vina kingo kali, na kingo hizo ndizo zinazokata uzi, si mtoto. Uzi wa poliesta unahimili jasho na dawa ya kung'arisha kuliko wa pamba.

Vifungo vya kifuu cha nazi. Hapa nina furaha kidogo, maana malighafi tunaitupa wenyewe. Kifuu kiwe cha nazi kavu iliyokomaa. Kipande cha upana wa milimita 20 kinapinda karibu milimita 1, cha milimita 30 kinafika 2, na kifuu chenyewe kina unene wa 4 hivi. Ukikisawazisha hicho kikubwa kwa msasa unapoteza nusu ya unene, na kinavunjika kwenye matundu. Kwa hiyo tusivuke 20. Msumeno wa duara wa keekee ulioandikwa 25 unatoa kipande cha 21 hivi, kwani meno yake yanakula, na msasa unakifikisha 20. Tatizo ni ile ncha ya katikati ya msumeno, inayoacha tundu nene pale pale tusipolitaka. Tobowa kwanza ubao kwa msumeno huo huo, itoeni ncha hiyo, kisha ubane ubao juu ya kifuu kwenye jiliwa uwe kiongozi. Matundu mawili ya milimita 2 yaachane milimita 4, yasisogee ukingoni. Msasa namba 80, kisha 150, kisha 240, na mwisho mafuta ya nazi kwa kitambaa. Nguo yenye vifungo hivyo isilowekwe usiku kucha.

Jambo la sheria, kwa ufupi. Magamba ya kasa aitwaye ng'amba na pembe za ndovu havitapokelewa mezani kwetu, viwe vya kale au vya jana. Biashara ya kimataifa ya ng'amba imezuiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, na ya pembe za ndovu ilizuiwa kwa uamuzi wa mwaka 1989. Mwenye kurithi kizibao cha babu chenye vifungo hivyo akitunze nyumbani, asikiuze wala asimpe mgeni apande nacho ndege.

Wenzetu wa Pemba wameomba vifaa vyao vikae Chake Chake badala ya kusafirishwa kila mara. Kamati imekubali: rula, sumaku, bahasha na sindano namba 80 na 90 vitakwenda na boti ya mwisho wa mwezi.

Mkutano unaombwa kuamua mawili. La kwanza, tusipokee kopo jipya la vifungo hadi yaliyopo yachambuliwe kwa kitu na kwa milimita, tukianza na selulodi. La pili, kila mwanachama achukue kopo moja nyumbani leo, alirudishe limepangwa na kuandikiwa kadi. Anayeona kopo moja ni kazi kubwa aseme sasa, apewe bahasha za selulodi badala yake.

Naomba kuwasilisha.