Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanajumuiya wanaosomesha watoto nyumbani, Pemba

Ndugu wanajumuiya, Assalaam aleykum.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na kumbukumbu za mkutano uliopita mnazo mikononi. Mimi nitaingia kwenye lile suala ambalo kila mzazi anayejiunga nasi huanza nalo: vitabu tupate wapi? Kwa niliyoyaona mwaka huu, hapo tunaanzia mkiani. Vitabu vipo, tena vingi ni vya bure. Kinachotukwamisha ni kuwa mzazi hajui mtoto wake amefika wapi katika mtaala, wala atafanya mtihani gani na kwa njia ipi.

Tukumbuke kwanza sisi ni nani. Humu wamo wenye watoto wa siko seli, ambao wiki hii wako kitandani na wiki ijayo wanataka kucheza mpira. Wamo wenye watoto wa usonji ambao makelele ya darasa lililojaa yamewashinda. Wako wanaofuatana na waume zao dago, yaani kambi za wavuvi, na wako waliorudi kutoka Oman na watoto wanaojua Kiarabu kuliko Kiswahili. Simjui hata mmoja aliyemtoa mtoto skuli kwa kuichukia skuli. Elimu ya lazima Zanzibar ipo kisheria, na kamati imeendelea na msimamo wake: mtoto aandikishwe skuli ya karibu hata kama hataweza kuhudhuria kila siku, sheha, kiongozi wa shehia, ajue, mwalimu mkuu ajue, na afisa elimu wa wilaya aone karatasi ya daktari. Wanaofanya hivyo hupewa muhtasari wa masomo, na wengine wanaazimwa hata vitabu. Wanaojificha hawapati kitu, na mwisho wa mwaka huja kwangu wakilia kuwa mtoto hana namba ya mtihani.

Sasa mtaala. Msingi wetu ni wa miaka sita na unasimamiwa na Taasisi ya Elimu Zanzibar. Bara wana Taasisi ya Elimu Tanzania, na hao wana maktaba mtandao ambayo mzazi anajiandikisha bila malipo na kusoma vitabu vya kiada kwenye simu. Nimeisifu mara nyingi na sitaacha, lakini isitumiwe kibubusa. Darasa la nne la kule si lazima liwe limefuata mpango wa darasa la nne la kwetu. Kwa hivyo muhtasari wa Zanzibar uwe mbele, mada itafutwe huko, na namba iliyoandikwa juu ya jalada msiitilie maanani. Kwenye sekondari shida hii inapungua, kwani mtihani wa kidato cha nne ni mmoja kwa Jamhuri nzima, chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania.

Na hapo wenye watoto wakubwa wanisikilize vizuri. Mtoto asiyepitia sekondari haandikishwi moja kwa moja kuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Lazima afaulu kwanza Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, ndipo mlango wa kidato cha nne umfungukie. Jengine ni lugha. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kuwa hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto aliyesoma vizuri nyumbani kwa Kiswahili tupu, akirudishwa skuli darasa la sita, anaonekana mjinga ilhali hesabu zenyewe anazijua. Anachokosa ni majina ya hesabu hizo kwa Kiingereza tu. Nimependekeza kwa kamati kwamba kila mtoto anayeingia darasa la nne awe na daftari la istilahi, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na aanze kulijaza mapema. Baadhi ya wazazi walilalamika kuwa tunawabebesha watoto mzigo. Mimi naona mzigo ni huo wa kukutana na maneno yote siku moja.

Kwa wadogo mambo ni mepesi. African Storybook, maktaba ya hadithi kwenye mtandao, wana hadithi za watoto kwa Kiswahili ambazo mtu anaruhusiwa kuzichapisha na kuzigawa, na ndizo zilizojaza masanduku yetu yanayozunguka baina ya Wete, Chake Chake na Mkoani. Sanduku huwa na hadithi, kadi za herufi, rula, mizani ya kopo na daftari la kutia saini. Yanarudi yakiwa na mchanga, na kadi ya herufi R hupotea kila safari, sijui inakwenda wapi. Wenye kompyuta ya zamani tumewawekea Kolibri, programu inayohifadhi masomo ili yaonekane bila intaneti. Hii imepunguza kilio cha bando. Maktaba ya Chake Chake nayo iko wazi kwetu sote, na nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoitumia.

Kuna waliouziwa masomo ya nje kwa fedha nyingi, kifurushi cha mwaka mzima chenye cheti cha rangi rangi. Sitamtaja muuzaji. Nawaomba tu, kabla ya kulipa, muulize jambo moja: cheti hicho kitamwingiza mtoto skuli gani hapa kwetu? Jibu likizungushwa, fedha zibaki mfukoni.

Wala tusijifanye kuwa jambo hili tumelibuni sisi. Kituo cha Madrasa Zanzibar tangu mwaka 1990 kinawaonesha walimu wa watoto wadogo namna ya kutengeneza vifaa kwa makombe ya pwani, vifuu na vizibo vya soda. Redio nayo iliwahi kusomesha watoto wa vijijini kwetu kwa vipindi vya Tucheze Tujifunze, watoto wakiimba na kuhesabu chini ya mwembe na mlezi mmoja. Anayesema hawezi kumsomesha mtoto mpaka anunue tableti, akae nao wazee waliokuwa kwenye vipindi vile.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kazi ya maji. Watoto wa kundi la Mkoani walichomeka mti wenye alama za sentimita pwani, wakaandika maji yanapojaa na saa yake, mwandamo hadi mwandamo. Waligundua wenyewe kuwa maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kila siku, na kwamba bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, huja mwezi ukiwa mpevu au umeandama. Tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua inakaribia mita 4. Mle mlikuwa na vipimo, wastani, mchoro wa grafu, mwezi na jua kuvuta bahari kwa pamoja, na babu mvuvi aliyewasahihisha bila kufungua kitabu. Mwaka ujao tunataka kufanya kama hayo msitu wa Ngezi kwa miti, na Kidike kwa wale popo wakubwa wa Pemba ambao duniani hawapatikani pengine.

Upande wa wazazi tumelegea, na hili nalisema kwa masikitiko. Mama anayesomesha, anayepika, anayeuguza, hachoki mwili tu. Makundi ya kubadilishana, ambapo mwenye hisabati anasomesha watoto wa mwenye Kiingereza na kinyume chake, yamesimama imara Wete na yamekufa kwengine kote. Sababu kubwa ni nauli, na pia aibu: mtu hataki mwenzake aone mtoto wake bado hajui kusoma. Akina baba, mikutano hii mnaiona ya wanawake, na kwenye daftari la mahudhurio inaonekana hivyo hivyo.

Kamati inaleta maombi mawili mbele yenu leo. Kwanza, sehemu ya ada itengwe kwa nauli za makundi ya kubadilishana. Pili, familia zinazojiandaa kwenda dago zijiandikishe kwa katibu kabla hatujatawanyika, ili kila moja iondoke na sanduku lake na muhtasari wa darasa la mtoto. Karatasi ya kujiandikisha iko mezani, karibu na birika la chai.