Oili ya mandazi na giaboksi "ya maisha"

Mhariri,

Msomaji wenu wa Kisumu mwenye Toyota Axio, aliyeandika Jumamosi iliyopita kwamba oili ya giaboksi ya otomatiki iliyofungwa kiwandani haiguswi mpaka gari life, amenikumbusha maneno niliyoambiwa nikiwa nimesimama kwenye gereji moja hapa Nakuru, mkoba kwapani. "Mwalimu, hii ni ya maisha. Ukiigusa umeiua." Nilimwamini yule fundi, nikalipa ya kuangaliwa tu, nikaenda zangu. Imani ile ilinigharimu.

Najua mwanamke wa miaka 61 akitaja Mark X, lile Toyota la vijana wapenda mbio, watu hucheka, basi wacheke kwanza tuendelee. Gari nilitafutiwa na mwanangu mwaka 2019. Lilikuwa la 2012, ndani ya ile miaka minane tunayoruhusiwa, na liliposhuka Mombasa mita ilisoma kilomita 86,000. Mita za magari ya mtumba nazo namwachia Mungu. Nilifundisha sayansi ya nyumbani kwa miaka 29. Siku hizi safari yangu ni Kiamunyi hadi shambani Molo mara mbili kwa wiki, na narudi na magunia mawili ya viazi kwenye buti, pengine na la tatu kiti cha nyuma.

Mwanzoni mwa 2023 gari lilianza kunigutua asubuhi. Likitoka gia ya pili kuingia ya tatu lilipiga kama mtu amekusukuma mgongoni kwenye foleni. Likishapata moto lilitulia. Hapo ndipo nilipokwenda kwa yule fundi wa "ya maisha". Miezi michache baadaye, nikipanda mlima wa Sachangwan na trela nyuma yangu ikiwaka taa zote, nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma, mshale wa mizunguko ya injini ukapanda, gari likabaki na mwendo wake ule ule. Nilivuta pembeni nikakaa dakika kumi nikisikiliza moyo wangu.

Fundi wa pili alikuwa kinyume cha wa kwanza. Huyu haogopi chochote. Alifungua plagi, kile kizibo cha chini ya giaboksi, oili ikamwagika chini kwenye vumbi bila kupimwa, akachota nyingine kwenye dumu lisilo na maandishi akamimina mpaka aliporidhika. Nilipouliza kama ndiyo inayofaa gari hili, alinijibu: "Mama, oili nyekundu ni oili nyekundu." Siku tatu baadaye gari lilikuwa linatetemeka kila nikifika kilomita 60 kwa saa, kama matatu inayopita kwenye matuta madogo yasiyoisha.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, msomaji wenu ameogopa kitu cha kuogopwa, ila amekikosea jina. Kubadilisha oili hakuui giaboksi. Kinachoiua ni kubadilisha ovyo, na kutobadilisha kabisa.

Neno lenyewe "iliyofungwa" limetuponza. Maana yake ni kwamba haina dipstiki, kile kijiti cha kuchomoa na kupimia oili. Basi. Plagi ya kumwagia ipo, ya kujazia ipo, na kwenye Mark X ipo na ya kukagulia, chini ya sampu (lile beseni la oili lililo chini ya giaboksi), yenye kibomba kidogo kilichosimama ndani. Mtu anayeunda chombo ambacho oili yake haitoki milele angeweka plagi tatu za nini?

Sasa hebu niwarudishe jikoni kwangu. Oili ya kukaangia mandazi haivuji. Inakaa kwenye karai ile ile, wala hakuna anayeitoa. Lakini ukikaanga asubuhi, ukakaanga jioni, ukarudia kesho, inakuwa nyeusi, inanuka, na mandazi yanaanza kutoka mazito. Moto na hewa vimeila. Oili ya giaboksi nayo hupikwa hivyo hivyo. Wanaojua vilainishi hukadiria kwamba kila joto likizidi kwa nyuzi 10 hivi, maisha ya oili hupungua nusu. Na giaboksi hupata moto wapi zaidi kuliko kwetu? Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Timboroa, ukielekea Eldoret, imepita 2,700. Kati yake una Salgaa, Sachangwan, Mau Summit, nyuma ya malori yanayotambaa, ukishika na kuachia. Halafu weka viazi.

Tena hii oili haina kazi moja. Inalainisha, inapoza, inasukuma vali kwa mgandamizo ili gia zibadilike, na papo hapo inatakiwa iziache sahani za klachi, zile zinazoshika na kuachia gia, zishikane kwa kiasi: zisiteleze mno wala zisibamize. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji wa Marekani walikuwa wanatia mafuta ya nyangumi kwa ajili ya kazi hiyo, mpaka yalipopigwa marufuku na wakahangaika kutafuta mbadala. Nilipoyajua hayo nilicheka peke yangu, nikamkumbuka yule wa "nyekundu ni nyekundu". Wekundu ni rangi tu, hutiwa ili ukiona tone chini ya gari ujue linatoka wapi. Mark X langu linataka oili iliyoandikwa WS, aina ya oili ya giaboksi ya Toyota. Iliyomiminwa sijui ilikuwa nini, ila klachi zilijua.

Na hayo maneno "ya maisha", maisha ya nani? Kampuni ya ZF ya Ujerumani, inayounda giaboksi ambazo BMW huzitangaza kuwa hazihitaji kubadilishwa oili, yenyewe inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila baada ya miaka 8. Toyota nao, katika ratiba zao za Marekani kwa baadhi ya magari, humwambia anayevuta trela au kubeba mizigo abadilishe kila maili 60,000, ambazo ni kama kilomita 97,000. Mnunuzi wa kwanza kule Japani mara nyingi huliuza gari kabla ya kufika huko. Sisi ndio tunaolipokea, na kwetu maisha yake ndiyo kwanza yanaanza.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja mwenye gereji ndogo upande wa barabara ya Njoro. Alinifanya nimheshimu kwa kitu kimoja: alikataa kuanza kazi mpaka gari lipoe. Aliliinua pande zote nne likalala sawa kama meza, akamwaga oili kwenye jagi lenye alama za lita, akaniita nitazame. Zilitoka lita tatu na kidogo. Akafungua sampu, akabadilisha filta, akanionyesha sumaku zilivyoota ndevu za unga wa chuma. "Unga ni kawaida, Mwalimu. Tungeona vipande, tungekuwa na mazungumzo mengine." Akarudisha kiasi kile kile kilichotoka, WS, kutoka kwenye mkebe alioufungua mbele yangu.

Kisha ikaja sehemu ambayo wengi huiruka. Aliwasha injini, akapitisha gia zote moja moja, akachomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, na kusubiri joto la oili lifike nyuzi 40 hivi. Hapo ndipo alipofungua ile plagi ya kukagulia, injini ikiwa inaendelea kunguruma. Oili iliyozidi kimo cha kile kibomba ilitiririka, ikapungua, ikawa matone. Akafunga. Nilimuuliza kwa nini 40. Akasema oili ikipata moto inavimba: ukiikagua ikiwa ya moto sana, nyingi itamwagika na ikipoa utakuwa nayo pungufu, ukiikagua ikiwa baridi utaongeza mno, na barabarani itafanya povu. Mwanafunzi wangu angenijibu hivyo ningempa alama zote.

Kwa kuwa zaidi ya nusu ya oili hujificha kwenye konveta, kile chombo kinachounganisha injini na giaboksi, na kwenye mabomba, umwagaji mmoja hauimalizi. Giaboksi yangu hubeba lita saba hivi, kwa hiyo kila mara unabadilisha kama asilimia 40. Tulifanya mara tatu, nikiendesha wiki moja katikati. Nilipiga hesabu kwenye daftari la viazi: baada ya mara ya kwanza asilimia 40 ni mpya, ya pili 64, ya tatu 78. Alinishauri tusitumie mashine ya kusukuma oili yote nje kwa nguvu, kwa kuwa giaboksi yenye umri ina uchafu uliotulia pembeni na ni heri uendelee kutulia. Hesabu yote, na filta ndani yake, ilinitoka shilingi 21,500. Giaboksi ya mtumba niliyotajiwa bei kabla ya hapo ilikuwa mara nne zaidi.

Lakini nitamtendea haki msomaji wenu. Yapo magari yaliyobadilishwa oili yakafa wiki ile ile, hata mimi nayafahamu mawili. Swali ni lini wenyewe waliyapeleka. Mtu hukaa miaka kumi bila kugusa, gia zikianza kuteleza ndipo anakimbilia oili. Mara nyingi klachi zimeshaungua. Ni kama mgonjwa aliyefikishwa hospitalini akikata roho, kisha ukoo mzima ukailaumu dripu. Gari linaloteleza gia zote, oili yake ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, oili mpya haitalifufua, na fundi mwaminifu atakwambia hivyo kabla hajakunja mikono ya shati.

Nimwonye pia msomaji wenu kuhusu hiyo Axio yake. Nyingi ya hizo hazina gia kama zangu. Zina mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili, ile wanayoita CVT. Oili yake ni nyingine kabisa. Akimiminiwa WS yangu ataharibu, kama ambavyo mimi ningeharibu na yake. Asome kitabu cha gari, na kama kimeandikwa Kijapani akipige picha ampelekee mtu anayekisoma.

Gari langu sasa lina kilomita 171,000. Asubuhi bado linagutuka kidogo siku za baridi kali, silifichi hilo; kule kuteleza kwa Sachangwan hakujarudi. Oili ya kwanza iliyotoka niliiweka kwenye chupa ya jemu, ipo dirishani pa jikoni karibu na ile mpya kwenye chupa ya pili. Msomaji wenu akipita Nakuru aje azinuse zote mbili. Asije Jumapili asubuhi tu, niko kanisani.

Mwalimu mstaafu,
Kiamunyi, Nakuru