Mwanangu, jifunze pia kuambiwa

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Sisi wazima, mguu wa bibi yako umepata nafuu, na mvua imeanza vizuri.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema katika kozi yako ya umeneja masomo ya fedha na takwimu yanakuumiza kichwa lakini unayaheshimu, ila hili la mawasiliano ya kikazi unaliona la kujazia ratiba: memo, baruapepe, kusimama mbele ya wenzako na slaidi. Unauliza mtu mzima mwenye digrii anafundishwaje tena kuandika barua. Nakujibu kwa sababu kazi yangu yote nimeifanya nikiwa upande wa wanaopokea barua hizo. Sisi mawakala wa forodha maagizo tunayapokea, halafu dereva anatugeukia: mama, wanasemaje?

Unakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalivyojaa barabara upande wa Kenya yakingoja madereva wapimwe. Ofisi moja ilibandika tangazo la kurasa mbili za Kiingereza. Alichohitaji dereva, apimiwe wapi na cheti chake kinakubalika kwa siku ngapi, kilikuwa chini kabisa kwenye ukurasa wa pili. Na madereva wenyewe walikuwa Wakenya, Wanyarwanda, Wakongo na watu wetu wa hapa, ambao wakikutana wanaelewana kwa Kiswahili. Tulisimama pale tukiwasomea mstari kwa mstari, na nyuma foleni inazidi. Aliyeandika tangazo lile alijua Kiingereza chake vizuri. Ila alimwandikia mkubwa wake, aone kuwa kazi imefanyika. Dereva hakumfikiria.

Kwa hiyo mwalimu wako akikuuliza kabla ya zoezi lolote, "nani atasoma, na akishasoma afanye nini?", usimwone anakuchelewesha. Ukikosa jibu la hapo, hesabu zako zote nzuri zitabaki kwenye faili.

Katika zile noti ulizonitumia nimemwona Barbara Minto, yule Mmarekani aliyeingia kampuni ya ushauri wa biashara ya McKinsey mwaka 1963, anayefundisha kutanguliza jibu, sababu zifuate. Kwetu hilo ni gumu kidogo. Sisi tunaanza na hali ya nyumbani, watoto, shamba, ndipo shida iliyotuleta itajwe. Mimi nakushauri salamu zetu uzitunze kwa mdomo, usimnyime mtu. Lakini karatasi ya kazini ianze na jambo lenyewe. Isipokuwa habari mbaya: mtu anayeachishwa kazi asiisome kwanza kwenye baruapepe. Mwite, umwambie ana kwa ana, barua imfuate.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae chini niandike. Lile somo la Challenger, chombo cha anga cha Marekani, umelitaja kwa mstari mmoja tu, kama mfano wa memo. Mimi limeninyima usingizi. Tarehe 31 Julai 1985 mhandisi Roger Boisjoly aliwaandikia wakubwa wake katika Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kukirusha, kwamba mipira inayoziba maungio ya roketi ina kasoro, na wasipochukua hatua watu watakufa. Hakuficha neno. Tarehe 27 Januari 1986, usiku wa kuamkia kurusha chombo, yeye na wenzake wakarudia kwenye mkutano wa simu: baridi imezidi, mipira itakakamaa, tusirushe. Watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, hawakufurahi. Wakubwa wa kampuni wakaomba muda wajadiliane pembeni, na hapo mkuu wa uhandisi akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akaivaa. Asubuhi chombo kikarushwa, kikasambaratika baada ya sekunde 73, na wote saba waliokuwemo wakafa.

Wapo wanaosema michoro waliyoionyesha usiku ule ingeweza kupangwa vizuri zaidi. Sawa, jifunze kupanga michoro. Lakini mwanangu, wewe unasomea hiyo kofia ya pili. Boisjoly wako atakuwa fundi wa gereji, karani wa stoo, mlinzi wa zamu ya usiku, na wewe ndiye utakayekuwa umeshika simu upande wa pili. Memo ile ilieleweka vizuri sana. Waliopaswa kuisikia ndio walioshindwa.

Hapa kwetu hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu ya malezi ambayo mimi mwenyewe nimekupa na siyajutii. Tulikufundisha kupiga magoti unapomsalimia mkubwa. Vijana utakaowaongoza wamelelewa hivyohivyo. Ukiuliza kikaoni "kuna tatizo?" watajibu "hakuna, madam", na breki za lori ni mbovu. Kwa hiyo usiulize hivyo. Muulize kila mtu kwa jina lake: wiki hii ni kitu gani kimekutia wasiwasi? Anza na wa cheo cha chini, kwani mkubwa akishasema, hakuna atakayempinga. Na mtu akikuletea habari mbaya, mshukuru mbele ya wenzake, hata kama imekuchoma. Ukimfokea mara moja tu, hutaletewa nyingine.

Na lugha pia. Digrii yako ni ya Kiingereza, na ripoti za bodi utaziandika kwa Kiingereza. Lakini Kiswahili kimo katika katiba yetu kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Agizo la usalama likiwahusu wapakiaji, waandikie kwa lugha wanayoizungumza wakiwa na mizigo mabegani.

Ile ripoti utakayoiwasilisha mwisho wa muhula, nitumie rasimu yake kwanza. Nitampa shangazi yako wa dukani aisome nami, kisha tukupigie simu Jumapili jioni tukueleze tulichoelewa. Kama tumeelewa tofauti na ulivyokusudia, utakuwa bado na muda wa kuirekebisha.

Mama yako