Bustani ya Jeevanjee ina mwenyewe

Mhariri,

Juzi, saa za chakula cha mchana, nilikuwa nimeketi katika Bustani ya Jeevanjee hapa Nairobi. Mhubiri alikuwa akihubiri kwa sauti iliyokwisha kukauka, mpiga picha akimwelekeza mama mmoja ainue kidevu, na kando yangu vijana wawili wakibishana juu ya siasa. Nilipowauliza Jeevanjee alikuwa nani, mmoja alinijibu kwamba hilo ni jina la mahali. Jibu hilo limenikaa moyoni.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, na hapa kwetu alitajirika kwa zabuni za reli ya Uganda, zikiwamo za kuleta vibarua kutoka Bara Hindi. Upande huo tusiufunike, kwa kuwa Wahindi wapatao 2,500 walipoteza maisha katika ujenzi wa reli hiyo, na anayemsifu mkandarasi hana budi kuwakumbuka na hao.

Mwaka 1902 alianzisha mjini Mombasa gazeti la kila wiki, African Standard, ambalo ndilo chimbuko la The Standard la leo. Mwaka 1905 aliwauzia Wazungu gazeti hilo, nalo likabadilishwa jina na hatimaye likawa sauti ya walowezi, wale wale waliong'ang'ania kwamba nyanda za juu ziwe mali ya Wazungu peke yao. Kwa maoni yangu hilo ndilo pigo kubwa maishani mwake, kwa maana baadaye, alipokuwa Mhindi wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria na kuanza kudai haki sawa, silaha aliyoihitaji kuliko zote ilikuwa tayari mikononi mwa wapinzani wake.

Bustani, hata hivyo, haikuuzwa. Aliitoa kwa watu wa mji, na mwaka 1906 sanamu ya Malkia Victoria ikazinduliwa humo. Sanamu hiyo ilikatwa kichwa mwaka 2015, lakini ardhi ingali ya umma. Mwaka 1991, ulipoletwa mpango wa kujenga humo maegesho ya magari na maduka, mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama kidete pamoja na wananchi wengine mpaka mpango ukaachwa, na ndiyo sababu yule mhubiri na wale vijana wana mahali pa kusemea bila kulipa hata senti.

Bi. Patel ameyaandika maisha ya babu yake kwa Kiingereza. Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti hili lichapishe makala za mfululizo kumhusu kwa Kiswahili, lugha inayosemwa kutwa kwenye mabenchi ya bustani hiyo, ili kijana aliyenijibu aweze kuzisoma akiwa papo hapo alipoketi.

Msomaji wako,
Nairobi