Kwa Nini Ziara Yetu ya Kwanza Shuleni Haina Onyesho

Walimu wa fasihi wanaotuita shuleni sisi waigizaji huja karibu wote na ombi moja: njooni muwaigizie wanafunzi, lugha ya Shakespeare imewashinda. Miaka ya mwanzo tulikubali tu. Tulifika na mavazi, tukaigiza saa mbili, tukapigiwa makofi, tukaondoka. Baadaye mwalimu mmoja akatuambia kuwa wanafunzi wake wanakumbuka mapanga, maneno hawayakumbuki. Ilituuma, maana maneno ndiyo kazi yenyewe.

Sasa tunaanzia kwingine. Tamthilia huandikwa ili isemwe. Waigizaji wa enzi ya Shakespeare hata andiko zima hawakupewa. Kila mmoja alipata karatasi yenye maneno yake, na maneno machache ya mwisho ya mwenzake ili ajue zamu yake imefika. Ilimbidi asikilize! Ilipotoka chapa kubwa ya 1623, mkusanyo wa tamthilia zake, miaka 7 baada ya kifo cha mwandishi, karibu nusu ya tamthilia 36 zilizomo zilikuwa hazijawahi kuchapishwa. Watu walikuwa wamezijua kwa masikio.

Basi siku ya kwanza tunagawa karatasi za namna hiyo, madawati yanasogezwa ukutani, wanafunzi wanasimama. Tunaipenda sana Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, kwa sababu ina nafasi ya darasa zima: umati wa Roma. Brutus, mmoja wa waliomuua mtawala Caesar, anaeleza kwa nini ameuawa. Anasema kwa nathari, yaani lugha ya kawaida isiyo ya kishairi, hoja zimepangika, na umati unamkubali. Kisha anapanda Antony, rafiki wa Caesar, anasema kwa ushairi, na kila baada ya muda anarudia kwamba Brutus ni mtu mwenye heshima. Mwanafunzi tunampa kauli hiyo moja aitamke mara nne. Mara ya kwanza ni sifa. Ya nne ni tusi, na hakuna neno lililobadilika. Walio kwenye umati huanza kunung'unika wenyewe kabla hatujawaeleza chochote. Kejeli waliyoisoma ubaoni kama istilahi, hapo wanaisikia.

Halafu tunasonga mbele kidogo, umati uleule unapomkuta Cinna mshairi na kumuua kwa kuwa jina lake ni sawa na la mmoja wa waliomuua Caesar. Darasa hunyamaza. Hapo tunakaa chini tuzungumze, na sisi hatuna haraka: sehemu hii ndiyo tunayoithamini kuliko onyesho lolote.

Onyesho lenyewe huja ziara ya pili, likiwa limefupishwa. Ya tatu ni zamu ya wanafunzi kutuigizia sisi.

Shule isiyo na ukumbi isisite kutuita. Majukwaa ya wazi ya London ya wakati ule yalitegemea mwanga wa mchana na mapambo machache. Usiku au dhoruba ilijengwa kwa maneno ya wahusika. Chumba cha kawaida kinatosha, pamoja na vipindi viwili vinavyofuatana, kwa sababu kimoja hukatika watu ndio kwanza wameanza kuchangamka.

Na mwalimu tunamwomba asibaki nyuma akisahihisha madaftari. Achukue karatasi yake, aingie kwenye umati.